Mifupa ya Lindi na Vidole vya Kuku

Kuku wa kienyeji anayeuzwa pale Darajani, Unguja, amebeba mwilini mwake hoja ambayo wanasayansi wameibishania kwa zaidi ya miaka 150. Miguu yake ina magamba. Vidole vitatu vimeelekea mbele, kimoja kimerudi nyuma, na kila kidole kimeishia kwenye ukucha. Ukimpasua, mbele ya kidari utakuta kifupa chembamba chenye matawi mawili: ni mitulinga yake iliyoshikana ikawa kama panda ya manati. Ukivunja mfupa wa juu wa bawa utaukuta mtupu ndani, hauna uboho, una hewa. Magamba, kucha, panda na mifupa yenye hewa, vyote hivyo vimekutwa pia katika visukuku vya dinosaria waliokuwa wakila nyama na kutembea kwa miguu miwili.

Kufanana huko ni kwa ukoo, au ni viumbe wawili wasiohusiana waliofikia umbo moja kwa njia mbalimbali? Wataalamu walio wengi kabisa wameshajibu: ndege ni tawi la dinosaria lililosalia baada ya maangamizi ya miaka milioni 66 iliyopita. Nami naliona jibu hilo limethibitika. Ila ndani yake yamebaki maswali ambayo bado yanawagawa wenye elimu hiyo: vidole vya bawa ni vipi hasa, unyoya ulianza lini, na ukoo wenyewe ulichipuka wapi. Katika baadhi ya maswali hayo kuna ushahidi uliotoka, au ungeweza kutoka, katika ardhi ya Tanzania, na sisi wenye ardhi hiyo ndio tunaousoma kidogo kuliko wote. Hilo ndilo lililonifanya niandike.

Kisiwani Unguja kwenyewe hakuna dinosaria wa kuchimba. Mawe yetu ya juu ni ya matumbawe na mashapo ya bahari, yaliyojijenga mamilioni mengi ya miaka baada ya dinosaria wakubwa kutoweka. Anayewatafuta lazima avuke kwenda bara, aelekee kusini, Lindi na Ruvuma.

Mjadala ulianzia Ulaya. Mwaka 1861, miaka miwili tu baada ya Charles Darwin kuchapisha kitabu chake juu ya asili ya spishi, machimbo ya mawe ya chokaa ya Solnhofen huko Ujerumani yalitoa kiumbe aliyewashangaza watu. Alikuwa na manyoya kamili ya ndege, lakini pia vidole vyenye kucha katika mabawa na mkia mrefu wa mifupa kama wa mjusi. Mifupa mingine ya jamaa zake iliyopatikana baadaye ilionesha wazi kwamba alikuwa na meno. Akaitwa Archaeopteryx, na umri wake ni kama miaka milioni 150. Mwingereza Thomas Henry Huxley akaulinganisha mwili wake na wa dinosaria wadogo, akasema hawa ni watu wa ukoo mmoja.

Hoja ya Huxley ilikuwa nzuri, lakini ilikwama kwenye mfupa mmoja. Gerhard Heilmann wa Denmark, aliyekuwa msanii kwa kazi yake, aliandika kitabu kikubwa juu ya asili ya ndege, ambacho kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1926. Alipanga kufanana kote kwa ndege na dinosaria, kimoja baada ya kimoja, kisha akalikataa hitimisho ambalo mkono wake mwenyewe ulikuwa umelichora. Sababu yake ilikuwa mitulinga. Dinosaria, alivyoamini, hawakuwa na mitulinga, ilhali ndege wanayo, na kiungo kilichopotea katika ukoo hakirudi tena. Basi ndege lazima walitoka kwa watambaazi wa kale zaidi. Wataalamu wakamfuata kwa miaka zaidi ya 40. Ukweli ni kwamba mtulinga wa dinosaria ulitangazwa mwaka 1936 kutoka Arizona, na hata kabla ya kitabu hicho kutoka kwa Kiingereza, Oviraptor wa Mongolia alikuwa ameshachorwa akiwa na panda yake kifuani, ila mfupa huo ukadhaniwa kuwa kitu kingine. Naliona hili kuwa somo kubwa kuliko yote katika historia ya mjadala huu: mfupa ulikuwapo mezani, na waliouangalia hawakuutambua.

Aliyeufungua tena mlango ni John Ostrom wa Marekani. Mwaka 1964 alikuta huko Montana mabaki ya mwindaji mwepesi aliyemwita Deinonychus, akamwandikia mwaka 1969. Katika kifundo cha mkono wa mnyama huyo kulikuwa na mfupa wa umbo la hilali, unaouwezesha mkono kukunjika kwa upande, jinsi bawa linavyokunjwa. Archaeopteryx alikuwa na mfupa huohuo. Kisha mwaka 1996 China ikatoa Sinosauropteryx kutoka mkoa wa Liaoning, dinosaria mdogo aliyefunikwa na nyuzi kama manyoya ya kifaranga. Tangu hapo hesabu imekuwa ya kuongezeka tu: Microraptor mwenye manyoya marefu ya kurukia mikononi na miguuni, Yutyrannus mwenye urefu wa mita 9 na bado ana nyuzi mwilini, na Anchiornis wa miaka kama milioni 160.

Huyu wa mwisho alizima hoja moja ya wapinzani. Walikuwa wakisema: dinosaria wanaofanana na ndege kuliko wote ni wa miaka milioni 110 au 75, na Archaeopteryx ni wa milioni 150, tangu lini babu akazaliwa baada ya mjukuu? Hoja hiyo haikuwa na nguvu hata zamani, kwa sababu hakuna aliyedai kwamba Deinonychus mwenyewe ndiye babu, bali kwamba yeye na ndege wana babu mmoja. Alipotokea Anchiornis, aliyemtangulia Archaeopteryx kwa miaka kama milioni 10, hata ile sura ya nguvu ikaondoka. Mwaka 2025 China ikatoa tena Baminornis, ndege wa miaka kama milioni 149 ambaye tayari alikuwa na mkia mfupi kama wa ndege wa leo. Maana yake ni kwamba wakati Archaeopteryx anaburura mkia wa mifupa huko Ulaya, ukoo wa ndege ulikuwa umeshagawanyika.

Wakati huohuo, miaka milioni 150 iliyopita, pwani ya Lindi ilikuwa hai.

Kilima cha Tendaguru kiko kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani Bernhard Sattler aliyekuwa akitafuta madini alikuta huko mfupa mkubwa umejitokeza ardhini. Mwaka uliofuata mtaalamu Eberhard Fraas akaenda kuhakikisha. Makumbusho ya Berlin ikaendesha uchimbaji kuanzia 1909 hadi 1913, hasa chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Tuikumbuke miaka yenyewe. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimemalizika majuzi tu, na kusini ilikuwa bado inajikokota kutoka katika njaa. Lindi, ambayo hadi miongo miwili nyuma ilikuwa katika pwani ya Sultani wa Zanzibar, sasa ilikuwa bandari ya Wajerumani. Mamia ya vibarua walichimba mashimo, wakaifunga mifupa, na wapagazi wakaibeba kichwani na mabegani kwa siku kadhaa hadi bandarini. Jumla ya shehena ilizidi tani 200. Msimamizi wa wachimbaji, mtu aliyejua kuusafisha na kuulinda mfupa kuliko wengine, alikuwa Boheti bin Amrani. Jina lake lilikaa katika daftari za safari hiyo kwa karibu karne nzima, mpaka mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipoitwa Australodocus bohetii.

Anayejulikana zaidi katika mifupa hiyo ni Giraffatitan, mla majani mwenye shingo ndefu, ambaye amesimama Berlin akiwa na kimo cha mita 13.27. Katika jengo hilohilo imehifadhiwa mifupa ya Archaeopteryx iliyo kamili na maarufu kuliko zote. Mgeni anayeingia makumbusho hayo anaona, ndani ya jengo moja, viumbe wawili walioishi karibu wakati mmoja, mmoja wa Bavaria na mmoja wa Lindi. Wengi hudhani hawana uhusiano zaidi ya kukaa pamoja. Janensch aliona vingine. Baada ya kuzichunguza pingili za uti wa mgongo wa wanyama wa Tendaguru kwa miaka mingi, aliandika mwaka 1947 utafiti mzima juu ya uwazi uliomo ndani yake. Pingili ya Giraffatitan kwa nje ni jabali, lakini ubavuni ina mashimo, na mashimo hayo yanaingia ndani na kugawanyika vyumba vyumba vyenye kuta nyembamba. Janensch alieleza kwamba vyumba hivyo vilijazwa na vifuko vya hewa vilivyounganika na mapafu, sawa na vile ndege alivyonavyo. Watafiti wa karne hii, wakitumia mashine za kupiga picha ndani ya mfupa, wameithibitisha hoja hiyo na kuipanua. Kwa hiyo ule uwazi uliomo katika mfupa wa bawa la kuku haukuanza na kuruka. Ulikuwapo tayari kwa majitu yasiyoweza hata kuruka mfereji, na ndio ulioyasaidia kubeba shingo ndefu bila kulemewa na uzito.

Nimekaa sana kwenye jambo hili kwa sababu mara nyingi mjadala huu huelezwa kana kwamba ni manyoya peke yake. Manyoya yanavutia macho, lakini mapafu ndiyo yanayoeleza kwa nini mwili wa ndege unaweza kufanya kazi ngumu kiasi kile, na ushahidi wa mapafu hayo kuwa ya kale unasomeka vizuri sana katika mifupa ya Lindi.

Lakini Tendaguru ina mnyama mwingine, mdogo na asiyepewa nafasi kubwa na wageni, ambaye kwa mjadala wa ndege ana uzito wa pekee. Elaphrosaurus bambergi alikuwa na urefu wa mita kama 6, mwembamba, mwenye shingo ndefu na miguu ya kukimbia. Janensch alimpa jina mwaka 1920. Fuvu lake halikupatikana, na hapo ndipo mabishano yalipoanzia. Kwa miaka mingi wako waliomweka karibu na wale dinosaria wanaofanana na mbuni, na Peter Galton alilitetea wazo hilo mwaka 1982. Lingekuwa kweli, Lindi ingekuwa na mmoja wa jamaa wa kale kabisa wa kundi lililo karibu na ndege. Uchunguzi wa baadaye, hasa ule wa kina uliofanywa na Oliver Rauhut na Matthew Carrano mwaka 2016, umeonesha kwamba sivyo: ni wa ukoo wa mbali zaidi, unaoitwa seratosauria, na wembamba wake wa kimbuni ulijitokeza kivyake.

Mtu angeweza kufikiri kwamba hapo Elaphrosaurus ametoka kwenye kesi. Kinyume chake, ndipo aliporudi kwa mlango mwingine, na mlango huo ni vidole.

Nyosha mkono wako uhesabu kuanzia gumba: gumba, shahada, cha kati, cha pete, cha mwisho. Dinosaria wala nyama wa mwanzo kabisa walikuwa na vidole vitano, lakini viwili vya upande wa nje, cha pete na cha mwisho, vilikuwa vimedumaa. Kadiri ukoo unavyopanda katika miamba, hivyo viwili vinatoweka, na wanaobaki wana gumba, shahada na cha kati. Bawa la ndege nalo lina vidole vitatu, vilivyoshikamana. Kwa mwenye visukuku, hesabu imekwisha: ni vilevile. Lakini mwaka 1997 Ann Burke na Alan Feduccia, waliochunguza viinitete ndani ya mayai, walisema vidole vya bawa huchipuka katika nafasi ya shahada, kati na pete. Kama ni hivyo, mkono wa ndege na mkono wa dinosaria si mkono mmoja, na Feduccia alilishika jambo hilo kuwa nguzo ya kupinga udugu wote. Hii ndiyo hoja ya maana kuliko zote walizowahi kuleta wapinzani, na naiheshimu, kwa kuwa ilitegemea uchunguzi wa kweli na iliwalazimisha wengine kufanya kazi.

Mwaka 2009 Xu Xing na wenzake wakatangaza Limusaurus kutoka Xinjiang, magharibi ya China, wa miaka kama milioni 160. Ni seratosauria, na ndugu yake wa karibu kabisa ni yuleyule Elaphrosaurus wa Lindi. Mkono wa Limusaurus ulikuwa wa ajabu: gumba lilikuwa limebaki kama kinundu. Xu akapendekeza kwamba pengine dinosaria walio karibu na ndege walipoteza gumba, si kidole cha pete, na kwamba vidole vyao vitatu ni shahada, kati na pete, sawasawa na kinavyosema kiinitete. Wapo waliomkatalia wakisema mikono ya seratosauria ilikuwa inadumaa kwa njia yake yenyewe, hivyo huwezi kuitumia kuwahukumu wengine. Kabla yake, mwaka 1999, Günter Wagner na Jacques Gauthier walikuwa wamependekeza kwamba chembe zilizokuwa katika nafasi ya pili zilianza kujenga kidole cha kwanza, yaani nafasi ilibaki lakini kidole kikahama. Na mwaka 2011 maabara ya Koji Tamura huko Japan ilifuatilia chembe za kiinitete cha kuku moja kwa moja, ikaonesha kwamba vidole vya bawa vinakua kama gumba, shahada na cha kati.

Hukumu yangu ni kwamba kazi ya mwaka 2011 iliondoa kikwazo kikubwa, kwa sababu ilimjibu mwenye kiinitete kwa kiinitete. Hata hivyo swali la jinsi vidole vilivyopotea katika ukoo wote halijafungwa, na Limusaurus hawezi kueleweka bila ndugu zake. Elaphrosaurus ana mifupa michache tu ya kiganja, na Tendaguru haijachimbwa yote. Mkono mmoja kamili kutoka Lindi ungepunguza maneno mengi.

Juu ya asili ya unyoya nitakwenda haraka, kwa kuwa Tendaguru haina la kusema hapo. Mashapo yake ni ya pwani na wangwa, mchanga na udongo uliokuwa ukipigwa na maji, na mifupa mingi ilitawanyika kabla ya kuzikwa. Unyoya unahitaji tope laini la ziwa lililotulia au chokaa ya Solnhofen. Palipo na ushahidi, ubishi ulikuwa mkali. Baadhi ya wapinzani walisema zile nyuzi za Sinosauropteryx ni nyuzi za ngozi iliyooza. Mwaka 2010 zikaonekana ndani yake chembe za rangi, za aina ileile inayotia rangi unyoya, na ikawezekana hata kusema kwamba mkia wake ulikuwa na mistari ya rangi ya kutu na nyeupe. Ubishi uliobaki ni wa kina zaidi: nyuzi za wanyama wenye mabawa ya ngozi, terosauria, je, ni manyoya ya asili moja na ya ndege? Kama ni ndiyo, unyoya ni wa kale kuliko dinosaria wenyewe. Kama ni hapana, ulibuniwa zaidi ya mara moja. Wataalamu bado wamegawanyika, nami sioni kisukuku kilichopo leo kinachoweza kuwapatanisha.

Swali la tatu, la chimbuko, linatupeleka kwenye bonde la mto Ruhuhu, kusini-magharibi ya nchi, karibu na Ziwa Nyasa. Miamba ya Manda iliyoko huko ina umri wa miaka kama milioni 240 na zaidi. Katika miaka ya 1930 Francis Rex Parrington wa Cambridge alikusanya huko mifupa mingi. Mwanafunzi wake Alan Charig aliiandikia tasnifu mwaka 1956, akampa mnyama mmoja jina la Teleocrater, lakini hakuwahi kulichapisha rasmi. Alifariki mwaka 1997. Mifupa ilikuwa London, imefungiwa kabatini, na hakuna aliyejua iwekwe ukoo gani.

Mwaka 2015 timu ya watafiti wa Kimarekani, Waingereza, Watanzania na wengine ilirudi Ruhuhu ikapata mifupa zaidi ya mnyama huyohuyo karibu na alipopatikana mwanzo. Mwaka 2017 Sterling Nesbitt na wenzake wakamtangaza Teleocrater rhadinus kwa ulimwengu. Alikuwa na shingo ndefu, alitembea kwa miguu minne, na kifundo chake cha mguu kilikuwa kama cha mamba. Lakini mifupa yake mingine ilimweka upande wa ndege, yaani katika tawi lililoachana na la mamba na kuja kuzaa terosauria, dinosaria na ndege. Ni mmoja wa wa kale kabisa wanaojulikana katika tawi hilo. Kabla yake wengi walitazamia kwamba wazee wa ukoo huu wangekuwa wadogo, wepesi, wa miguu miwili, vijidinosaria vya namna fulani. Teleocrater alibadilisha picha hiyo. Kifundo kile kilichodhaniwa kuwa alama ya mamba pekee kilionekana kuwa mali ya wazee wa pande zote mbili.

Ruhuhu ilitoa pia Asilisaurus kongwe, aliyetangazwa mwaka 2010 kwa jina lililochukuliwa kutoka Kiswahili, jamaa wa karibu sana wa dinosaria. Na katika mifupa ya Parrington yuko Nyasasaurus parringtoni, aliyeandikwa rasmi na Nesbitt na wenzake, Charig akiwa miongoni mwa waandishi ingawa alikuwa ameshafariki. Wanachokishika ni mfupa wa mkono wa juu na pingili kadhaa. Undani wa mfupa unaonesha mnyama aliyekua haraka, kama dinosaria. Kwa umri wa miaka kama milioni 243, huyu ama ndiye dinosaria wa kale kuliko wote, ama ni jamaa yao wa karibu kabisa. Watafiti wenyewe waliacha milango yote miwili wazi, na kwa mifupa michache namna hiyo hawakuwa na la kufanya jingine. Kumtangaza kuwa dinosaria wa kwanza duniani, kama magazeti yalivyofanya, ni kuulazimisha mfupa useme usichokisema.

Ninasisitiza hilo kwa sababu Unguja imewahi kuwa na mjadala wake wa mifupa ya ndege, na unafundisha jambo lilelile. Pango la Kuumbi, Jambiani, lina historia ndefu ya watu, tangu wakati kisiwa kilipokuwa kimeshikana na bara na punda milia wakipita. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyelichimba, alieleza kwamba huko kulikuwa na mifupa ya kuku katika matabaka ya maelfu ya miaka kabla ya Kristo. Kuku asili yake ni Asia. Kwa hiyo dai hilo lilimaanisha kwamba watu wa pwani yetu walikuwa wakivuka bahari na kubadilishana mali na Asia mapema mno. Lilikuwa wazo lenye heshima kwa Waafrika wa kale, na naelewa kwa nini lilipendwa.

Baadaye Mary Prendergast na wenzake waliichunguza mifupa kutoka maeneo 22 ya Afrika Mashariki, wakachapisha matokeo mwaka 2017. Tatizo la kwanza ni kwamba mfupa wa kuku, wa kanga na wa kwale hufanana mno, na ukiwa umevunjika macho peke yake hayatoshi. Tatizo la pili ni kwamba ndani ya pango kaa, mizizi na miguu ya watu husukuma kifupa kidogo kutoka tabaka moja hadi jingine. Wakapima chembe za urithi, wakapima protini za mifupa, na wakatafuta umri wa mfupa wenyewe badala ya umri wa udongo ulioulalia. Kuku waliothibitika walikuwa wa kuanzia katikati ya milenia ya kwanza baada ya Kristo, zama zinazolingana na kukua kwa bandari kama Unguja Ukuu. Kwa ushahidi uliopo nafuata hitimisho hilo. Halipunguzi hata chembe ubaharia wa watu wa pwani. Linaupa tarehe inayosimama.

Protini zimeingia pia katika mjadala wa dinosaria, na huko mambo hayakwenda vizuri hivyo. Mwaka 2007 timu ya Mary Schweitzer na John Asara ilitangaza kwamba imepata vipande vya kolajeni ndani ya mfupa wa Tyrannosaurus wa miaka milioni 68, na kwamba vinafanana zaidi na vya kuku. Habari ikaenea duniani kote, kwa kuwa ilionekana kuumaliza mjadala. Wakosoaji wakauliza kama protini inaweza kudumu muda wote huo, na mwaka 2017 Michael Buckley na wenzake wakaonesha kwamba vipande hivyo vinalingana na kolajeni ya mbuni, jambo linaloashiria uchafu wa maabara. Waliotangaza hawajakubali. Naona udugu wa ndege na dinosaria hauhitaji ushahidi huo, na anayeutegemea anadhoofisha kesi yenye nguvu kwa shahidi mwenye mashaka. Vivyo hivyo kwa Archaeoraptor wa mwaka 1999, kisukuku cha kughushi kilichounganishwa kwa vipande vya wanyama tofauti na kutangazwa katika jarida maarufu kabla ya kuchunguzwa. Wapinzani walikishangilia, lakini aliyeufichua ule mkia kuwa wa mnyama mwingine ni Xu Xing, mtetezi mkubwa wa udugu huo.

Baada ya yote hayo, mizani imesimama wapi? Udugu umethibitika kwa njia nyingi zisizotegemeana: mitulinga, kifundo cha mkono, mapafu, mayai, manyoya. Upinzani wa Feduccia na wenzake haukuwa bure, kwani bila wao vidole visingechunguzwa kwa makini namna ile, lakini haujawahi kutoa babu mwingine wa ndege anayelingana na ushahidi kuliko dinosaria. Mapya yatakayokuja yatakuja kutoka katika miamba ambayo haijachimbwa vya kutosha, na miongoni mwa hiyo naitaja miwili bila kusita, Tendaguru na Manda.

Kinachonisikitisha ni jinsi maarifa haya yalivyo mbali na mtoto wa skuli wa Mji Mkongwe. Anajifunza mabadiliko ya viumbe kwa mifano ya visiwa vya mbali, na pengine hatajwi kwake hata mara moja Boheti bin Amrani wala bonde la Ruhuhu. Mjadala wa kurudishwa kwa mifupa ya Berlin una haki yake na uendelee, lakini usiwe sababu ya kusubiri. Nakala za plasta za mfupa wa Teleocrater na za pingili ya Giraffatitan zinaweza kutengenezwa na kuwekwa Beit el Amani, Mnazi Mmoja, ambayo tangu kufunguliwa mwaka 1925 imekuwa nyumba ya makumbusho. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kinaweza kuomba nafasi za wanafunzi katika timu zinazokwenda Ruhuhu. Na mwalimu wa biolojia asiyetaka kungoja barua za wakubwa ajue kwamba si kila kitu kilichukuliwa: mfupa uliompa Asilisaurus kongwe jina lake rasmi ni mali ya Makumbusho ya Taifa, umeandikwa namba NMT RB9, na uko Dar es Salaam, mwendo wa boti wa saa mbili kutoka bandari ya Malindi, Unguja. Aandike kuomba wanafunzi wake waoneshwe.